Fundi Baiskeli Alivyozungushwa

Halafu nyie mnaosema eti mzee wa miaka sabini na nne apasuliwe tezi dume ya nini, mmemwangalia lini? Huyo si ndiye fundi wetu wa baiskeli pale Kambarage! Tangu nasoma shule ya msingi, hajawahi kukataa baiskeli kwa sababu ya kutu. Alikuwa anaipindua, anazungusha gurudumu kwa kidole kimoja, anafumba macho, anasikiliza. "Hii bado ina miaka kumi, ng'wanawane, mwanangu." Foniksi ya marehemu baba aliisemea hivyo, na mpaka leo naiendesha mimi.

Juzi nilimpeleka hospitali, kwa sababu wanawe walishaamua akae tu na kansa yake ya tezi dume, kazeeka. Ile mikono ya grisi ilikuwa imetulia magotini. Daktari hakuishia kwenye umri. Alimsikiliza moyo, akampima sukari, akamwambia ainuke kwenye kiti bila kushika popote, atembee mpaka mlangoni. "Mzee, kwa ninavyokuona, miaka kumi unaweza kuifikisha. Upasuaji utakufaa." Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe na wewe unazungusha gurudumu!"

Wanawe bado wanakataa, naye anawasubiri wakubali. Nanyi mnaowaunga mkono, acheni kuangalia kutu. Waambieni wampeleke Jumatatu, siku aliyopangiwa upasuaji.