Sifuri ya Sikuda

Masika yale niligombana na kompyuta yangu mpaka nikajionea aibu. Mimi ni mwanafizikia, nafundisha chuoni Busitema, na nje ya vipindi nilikuwa nimeandika programu huria ya kusoma vipima mvua: ya bure, msimbo wake wazi, anayetaka aurekebishe. Kipima changu cha pekee kilikuwa kijijini Sikuda, uani kwa mama mmoja mkulima. Utafiti wangu wote wa msimu ulikitegemea.

Kikaniletea sifuri kwa mtandao. Nje ya dirisha la ofisi mvua inamwagika, kompyuta inasema Sikuda halijaanguka hata tone. Wiki ya kwanza sifuri, mwezi mzima sifuri. Nikaanika tatizo mtandaoni, wakaja watu wa nchi ambazo sitazikanyaga maishani, kila mmoja na dawa yake. Nilizijaribu zote. Mmoja akanishauri niandike programu upya kabisa; huyo angekuwa karibu ningemrushia kiatu.

Msimu ukiwa ukingoni, nikapanda bodaboda kwenda kujionea. Tulikuwa barazani kwa yule mama, chai haijapoa, mawingu yakafunga. Matone ya kwanza yalipoanguka, mama akachomoka mbio, akakifunika kipima changu kwa karai na kuweka jiwe juu. Akarudi kalowa chapachapa, anatabasamu.

"Mama, unafanya nini?"

"Mwalimu, hii kitu yako iko na waya. Uliniachia nichunge. Mvua ikikuja, mimi nafunika. Hata siku moja haijalowa!"

Hasira ilinipanda, halafu ikakosa pa kwenda. Siku ile nilipokileta nilimwambia akitunze, basi. Kinapima nini sikumwambia. Niliona habari za fizikia zitamchosha. Msimbo nimeifungulia dunia nzima, mwenye ua sikumfungulia mdomo.

Nikamuuliza, kwa unyonge, kama anakumbuka mvua zilinyesha siku zipi. Anazikumbuka zote. Moja ilimkuta kwenye palizi, nyingine sokoni Busia, karai kaliacha juu tangu asubuhi. Moja ilimkuta kwenye mazishi ya jirani, akawaacha waombolezaji na kukimbia nyumbani kufunika.

Nikatoa kalamu. "Hiyo ya mazishi, mama, ilikuwa kubwa kiasi gani?"

Akafikiri kidogo, huku akikamua ncha ya leso yake.

"Hiyo ilinilaza na kifua wiki mbili," akasema. "Lakini nilifunika."