Mkwe Ameniachia Amana Pikipiki Iliyonivunja Kiuno

Asalamu alaikum nyote mnaosoma ukurasa huu. Admin, jina langu lizike kabisa, maana huku Msambweni hakuna asiyenijua. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili. Nilisoma ngumbaru tu na naandika kwa kidole kimoja, nivumilieni. Lakini kwa pikipiki msinifundishe. Kijijini kwetu wa kwanza kupanda ni mimi. Nilikuwa nikipeleka samaki wa ng'onda Kinango, mvua jua, na wasichana wakisikia mlio wangu walikuwa wakitoka nje. Mke wangu alitoka, hajarudi kwao mpaka leo.

Sasa mume wa binti yangu anafanya kazi hotelini Diani. Amenunua pikipiki kubwa ya mbio, ile isiyovikwa chochote, injini yote i nje kama mbavu za punda. Ikinguruma, vikombe vinalia kabatini. Springi zake anazitaja kuliko anavyomtaja mkewe. "Baba, hizi zina kompyuta. Zinaisikia barabara zenyewe. Shimo likija zinalegea, kona ikija zinakaza." Nikamwambia kompyuta yangu mimi ilikuwa makalio, na haikuharibika. Watu wa barazani wakacheka. Yeye hakucheka.

Mwezi uliopita kulikuwa na nikaha Kinango, ya binti wa marehemu ndugu yangu. Baba hayupo, kwa hivyo walii ni mimi. Ndugu yangu kabla hajafa alinishika mkono akaniambia, "Kaka, mwanangu umuoze wewe, kwa kinywa chako." Siku ilipofika, gari likajaa kina mama, mkwe akasema atanipakia. Nikapanda nyuma. Kikalio chenyewe ni chembamba kuliko mbuzi ya kukunia nazi.

Lami ilipokwisha nikaona kiama. Kila shimo nalipokea kwa uti wa mgongo. Nikamgonga bega, "Mwanangu, springi zako zimelala?" Akanijibu, "Vumilia baba, njia mbaya."

Tulipofika, shehe akasema, "Walii, keti umshike mkono bwana harusi." Nikainama, kiuno kikakataa, nikatoa sauti ambayo sitaieleza hapa. Nikajaribu tena, vilevile. Vijana wakaziba midomo. Shehe akanihurumia, "Mzee wangu, niwakilishe mimi, nimuoze kwa niaba yako." Ningefanyaje? Nikampa uwakala. Binti wa ndugu yangu akaozwa kwa kinywa cha mtu mwingine, na mimi nimeegemea nguzo kama mwavuli.

Pilau nilikula wima, nyuma ya ua wa makuti. Upande wa pili nikamsikia mkwe wangu na wenzake.

"Mzee si hujigamba? Nikamwekea springi kwenye ile ngumu ya mashindano, kitufe kimoja tu. Akaruka kama bisi."

"Na ungemwekea laini?"

"Angelala usingizi. Lakini majigambo angeyaacha lini?"

Nilimeza pilau na lile jambo pamoja.

Basi wiki iliyopita akaja kwangu mpole kama maji ya mtungi. "Shikamoo baba." Marahaba. Amepelekwa Malindi kikazi, na anakopanga Ukunda kuna wezi. "Nakuachia pikipiki iwe amana, baba. Kwako hakuna mwizi wa kuthubutu." Nikaupokea ufunguo kwa furaha, na furaha ile haikuwa ya heri.

Iko ghalani. Juzi nilichota ndoo ya maji ya bahari nikasimama nayo mbele ya zile springi zenye akili, nione kama chumvi nayo zitaisikia. Mke wangu akanifuata.

"Baba Fulani, amana ikiharibika, Akhera ataulizwa nani?"

"Ameniita bisi."

"Basi mgombeze yeye. Pikipiki imekukosea nini?"

Amenipata pabaya, maana amana kwangu haijapata kupotea. Mtu aliniachia ng'ombe mmoja, akarudi akakuta watatu. Nikaimwaga ile ndoo uani, lakini moyo haukumwagika.

Nimewaza hivi. Amana nitairudisha nzima, nimeipangusa mwenyewe mpaka inang'aa. Ila nitairudishia Kinango, mbele ya shehe na bibi harusi na wale waliocheka, na ufunguo haupati mpaka aseme alichonifanyia na kwa nini. Mke wangu anasema mkwe akiaibishwa hadharani, atakayelipa ni binti yetu, nyumbani kwake, mlango ukifungwa. Hilo ndilo linalonikata. Mwanangu hajui lolote, na mumewe anampenda kwa jinsi anavyojua.

Mkwe anarudi Ijumaa. Msinijie na habari za subira na msamaha, hizo mama wa nyumba keshazisema tangu alfajiri na nimezikataa zote. Mnishauri hili moja tu, nyinyi mlio na mabinti walioolewa: nimpe ufunguo hapa uani kimya kimya, nife na donge langu, au aufuate Kinango?