Ngiri Niliyemgonga

Mimi ni rubani mzuri. Nasema hivyo bila kupepesa macho, na anayetaka kucheka acheke. Najua kwetu Rongai wanachokumbuka ni kwamba niliangusha ndege. Sikuiangusha. Niliivunja ikiwa tayari chini, na hiyo ni aibu ya aina yake.

Kiwanja chenyewe kiko upande wa Naivasha, cha nyasi tupu, na wanyama hulisha humo kama kwao. Kwa hiyo sisi wa ndege ndogo tuna desturi: hutui kabla hujapita na ndege chini chini juu ya kiwanja mara moja, kuwatimua na kuangalia. Mlinzi wa kiwanja, mzee mwenye baiskeli, huwafukuza anaowaona. Wengine ni jukumu lako.

Siku hiyo abiria wangu wawili walikuwa na haraka, kila mara wanatazama saa. Kutoka juu niliona kiwanja kitupu, hata swala hakuna. Nikashuka moja kwa moja. Magurudumu yalikuwa yameshagusa nyasi ngiri alipochomoka shimoni, mkia juu. Nilimgonga. Gurudumu la mbele likavunjika, pua ikalala chini, propela ikajikunja. Abiria walitoka wazima. Mimi nilikuwa wa mwisho kufungua mkanda.

Rubani mwenzangu aliyekuja kutuchukua alinivuta kando. "Kwenye ripoti andika ulipita," akaniambia. "Sema ni huyo mzee hakufukuza. Nani atajua? Wewe uko na career, yeye ako na baiskeli."

Mzee alikuwa amesimama kando ya ngiri, kofia mkononi.

Sitajifanya mtakatifu. Ile ripoti niliikalia siku nzima, na uongo ule niliutaka sana, maana leseni yangu niliipata kwa jasho la miaka na sikujua kazi nyingine. Halafu nikaona haya kwa kuutaka, nikakasirika, nikaandika kwa herufi kubwa: sikupita.

Nilisimamishwa miezi minne. Nikarudi nyumbani kupalilia mahindi na mama. Kanisani akina mama walinishika mkono, wakaniambia ajali haina kinga. Walitaka kunifariji, lakini nilitoka nimenuna. Yangu ilikuwa na kinga, na mimi ndiye niliyeiruka. Mama peke yake hakunipa pole. Alinisomea nakala ya ripoti yangu mara mbili mezani, kwa sauti, kisha akanituma kukamua ng'ombe.

Nilipimwa upya angani, nikafaulu, nikarudishwa kazini. Mkubwa wangu akaniruhusu kumbeba mtu mmoja wa nyumbani. Nilimwalika mama kwa mazoea tu, kwani tangu nipate leseni alikuwa akikataa: mara magoti, mara ng'ombe anakaribia kuzaa. Safari hii alikuja, kitambaa cha kanisani kichwani, akaketi kiti cha mbele na kujifunga mkanda mwenyewe.

Juu ya kile kiwanja nilipita chini chini. Nikageuka, nikapita tena. Mzee alikuwa ameegemea baiskeli yake, akatupungia. Nikatua taratibu, na sikumbuki siku nyingine niliyojivunia kazi yangu hivyo.

Injini ilipozimika nilimuuliza mama mbona amekubali sasa, ndege nimeshaivunja, na si zamani nilipokuwa sina doa.

"Zamani," akasema, akitafuta mahali pa kufungulia mkanda, "sikuwa najua ukikosea utafanya nini."