Siku Niliyouzima Mfumo Mbele ya Mnada Mzima

Nikiwasimulia hili mtanicheka, na mna haki, maana hata mimi nikipita Mogitu huwa nainamisha kofia nisitambulike.

Mimi ni fundi wa kompyuta pale Katesh, kwenye ofisi ndogo yenye mfumo wa kutafuta dawa za mifugo. Mfugaji anaandika jina la dawa kwenye simu, anaonyeshwa duka lenye nayo, iwe Katesh, Mbulu au Dongobesh. Taarifa zote zinakaa kwenye sava tatu, yaani kompyuta za kuhifadhia taarifa, zinazofanya kazi kwa pamoja. Bosi wangu ni Dada Zulfa, binti wa mwenye duka la dawa za mifugo la hapo hapo, na ndiye aliyeujenga mfumo huo.

Siku ya mnada wa mifugo tulikuwa twende Mogitu kuuonyesha kwa watu. Asubuhi nikaona toleo jipya la programu inayoendesha sava limetoka, nikatamani tuonyeshe kitu chenye spidi. Dada Zulfa akaniambia, "Daudi, kabla hujapandisha toleo, kagua mipangilio ya zamani. Kuna mingine toleo jipya haliitambui tena, na ukiiacha sava haziwaki." Nikaitikia sawa dada, halafu sikukagua (nilijiona mtaalamu), nikazizima zote tatu kwa mpigo badala ya moja moja, nikaweka toleo jipya, nikaziamuru ziwake, nikafunga laptop bila hata kuangalia kama zimewaka, nikapanda gari.

Mnadani nikashika kipaza sauti, nikatamba weee, nikaomba mtu ataje dawa yoyote. Akasimama Mzee Gidamis wa Gendabi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema, "Mimi sijaribu, kijana. Ng'ombe wangu ana ndigana, tezi zimevimba, tangu jana hali kitu. Nitafutie dawa."

Nikaandika. Kwenye turubai kubwa jeupe tulilotundika kuonyeshea, kile kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka, mpaka mtu mmoja nyuma akasema kwa upole kabisa, "Labda nayo ina ndigana." Mnada mzima ukacheka, nadhani hata mbuzi.

Dada Zulfa akachukua kipaza sauti, wala hakunitazama vibaya. Akasema, "Wazee wangu, mama zangu, mfumo umezimika na kosa ni letu. Mzee, njoo hapa kwangu." Akakaa na yule mzee kwenye benchi, akaanza kupigia maduka moja baada ya jingine, kwa kichwa tu, namba zote anazijua. Duka la baba yake halikuwa na dawa, akampigia mpinzani wa baba yake, akamsalimia vizuri, dawa ikapatikana, bodaboda ikatumwa moja kwa moja Gendabi pamoja na mtaalamu wa mifugo.

Mimi nilikuwa nimekaa chini na laptop, jua linawaka sioni kioo, mama mmoja akanifunika shuka lake, nikawa kama kuku anayeatamia. Ndani ya shuka nikasoma kosa: mpangilio mmoja wa zamani, toleo jipya haliutambui. Nikataka kuufuta niwashe. Dada Zulfa akainama karibu na shuka, akaninong'oneza, "Usibahatishe. Rudisha toleo la zamani kwanza. Hili jipya halikuwaka, kwa hiyo taarifa hazijaguswa."

Nikarudisha, sava zikawaka, ndipo nikaendesha ule ukaguzi niliouruka. Kumbe mipangilio mibovu ilikuwa mingine pia, ningefuta ule mmoja ningekwama tena. Nikatoka kwenye shuka nywele zimesimama, nikaomba kipaza sauti, nikasema, "Aliyekosea ni mimi, Daudi. Dada aliniambia nikague, sikukagua." Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma zaidi.

Wiki iliyofuata tulirekebisha kila kilichoonyeshwa na ukaguzi, tukapandisha sava moja, tukasubiri itulie, ndipo nyingine. Hakuna mteja aliyejua. Nimeapa sitagusa toleo jipya kabla ya kukagua, hata nikiambiwa ni la dakika moja.

Ng'ombe alipona. Ila Mzee Gidamis mfumo wetu hautaki kabisa. Akihitaji dawa anampigia Dada Zulfa, na akinikuta mimi kwenye simu anasema, "Sawa kijana, mpe dada."