Misa ya Upadrisho Kwenye Seva ya Masista

Mimi hukasirika upesi mbele ya kompyuta, jambo la aibu kwa mtu ambaye kompyuta ndizo zinazomlisha. Lakini hasira ya siku ile naikumbuka kwa hamu. Ningepewa nafasi ningeirudia yote, kuanzia barabara ya Matombo iliyonitikisa hadi maini, mpaka kile kisanduku cha kwanza kilichoniambia kwamba hapa hapapiti mtu.

Kaka yangu alikuwa anapewa daraja la upadre huko Ulaya alikokwenda kusoma. Mama, aliyemlea kwa migomba na mikarafuu yake ya mlimani, alikuwa na magoti yasiyomruhusu hata kushuka mjini, sembuse kupanda ndege. Alitaka jambo moja tu: amwone mwanawe akilala kifudifudi mbele ya altare, kisha ainuke. Misa ingerushwa mtandaoni. Nyumbani kwake simu hupata mtandao ukisimama juu ya jiwe, na ukishuka unauacha hukohuko. Laptop nilikuja nayo, chaja nikaisahau nyumbani kwangu Kilakala, mjini. Tumaini likabaki kwenye kituo cha afya cha masista, jirani na mama, ambako mimi ndiye fundi wao. Pale kulikuwa na dishi la mtandao, ila waya wake uliishia kwenye seva, ile kompyuta kubwa inayotunza kumbukumbu za wagonjwa wote.

"Tumsifu Yesu Kristo," mama alisema mlangoni pa kituo. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu, na nyuma yake majirani ambao hakuna aliyewaalika, mmoja na mkungu wa ndizi kichwani.

"Milele amina. Karibuni," aliitikia Sista mkuu. Kisha akanigeukia mimi. "Fundi, ule ulinzi wa seva usiuzime. Unakumbuka mashine ya zamani ilivyoliwa na virusi? Tulianza kuwauliza wagonjwa upya nani ana sukari, nani ana presha. Fungua, lakini usibomoe."

Nikaandika anwani ya kanisa la kule. Ukurasa ukaja mweupe, na kisanduku juu yake: yaliyomo yamezuiwa. Kivinjari cha seva, ile programu ya kufungulia kurasa, ndivyo kilivyo. Seva haikutengenezwa kwa ajili ya kuzurura mtandaoni, kwa hiyo tangu kiwandani humshuku kila anayebisha hodi. Nikaingia kwenye mipangilio nishushe ulinzi kidogo tu. Kile kitelezi cha kupandisha na kushusha kilikuwa na rangi ya majivu, hakisogei, na chini yake pameandikwa kwamba mipangilio hii iko chini ya msimamizi wa mfumo.

"Inasemaje?" mama akauliza.

"Inasema nimwone msimamizi."

"Msimamizi ndiyo nani?"

"Ni mimi, mama."

"Sasa si ujiruhusu?"

Majirani walicheka mpaka mwenye ndizi akalazimika kuzitua. Mimi sikucheka. Mganga hajigangi, na kule Ulaya misa ilikuwa imeshaanza.

Kuuzima ulinzi wote Sista alishakataza, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa moja: kuitambulisha kwa seva kila tovuti ninayoiamini, moja baada ya nyingine. Nikaanza na ya kanisa. Ukurasa ukafunguka, lakini mahali pa video pakabaki peusi, kwa sababu video ilitoka kwa mwingine, tovuti tofauti. Nikamwingiza huyo. Naye akataka mwenzake anayeleta vitufe, na mwenzake akataka mwingine tena, kama shemeji uliyemwalika peke yake harusini akaja na nusu ya kijiji.

Kwetu Uluguru ukoo hupita kwa mama, na mama yangu hakuwahi kumpa mtu kigoda kabla ya kumjua kwao. Kila jina lilipotokea aliuliza, "Na huyu wa ukoo gani?"

"Mama, ngoja kwanza!" nilimjibu mara ya kwanza, kwa sauti ambayo leo ningeilainisha. Kisha nikaona kwamba swali lake lilikuwa onyo lilelile la Sista. Nikaanza kumjibu: huyu ni wa kanisa, huyu ni ndugu wa yule wa video. Likaja jina moja ambalo sikujua limetoka wapi, labda la matangazo.

"Huyo simjui, mama."

"Basi abaki nje."

Tukamwacha nje, na picha ikaja bila yeye. Altare, mishumaa, vijana waliovaa nguo nyeupe, na kaka kati yao. Mama alisimama kana kwamba magoti ni ya mtu mwingine.

Sauti haikuwepo. Seva haina spika, na hata mfumo wake wa sauti huwa umezimwa. Nilikuwa nimeinama natafuta pa kuuwasha niliposikia mama anasema kwa nguvu, "Nipo!" Kaka alikuwa ameitwa akasogea mbele, na mama, aliyeijua ibada ile kwa moyo, alimjibia. Walipolala kifudifudi, jirani mmoja alianzisha litania, na wote wakaitikia: utuombee. Watakatifu wakaitwa mmoja mmoja, katika chumba kilichonukia ndizi mbivu, na ng'ambo ya ukuta mgonjwa wodini akaitikia pia, utuombee. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye mausi. Mama akauondoa.

"Acha, mwanangu. Nasikia."

Alilia na kucheka kwa pamoja, na mimi nililia. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama siku ile.

Mama sasa amelala kati ya mikarafuu yake; kaka alikuja akamzika mwenyewe. Kompyuta niliyo nayo leo hufungua kila kitu bila kuuliza. Juzi niliitafuta ile video nikaitazama na sauti yake kamili, kinanda na kwaya nzuri, kwa lugha nisiyoijua. Nilivumilia kidogo, kisha nikaizima sauti. Kaka alipoitwa, nikasema "Nipo" badala ya mama. Alipolala chini, nikawaita watakatifu ninaowakumbuka, na walipokwisha nikamwita mama, nikaitikia mwenyewe: utuombee.