Unga wa Mashini Isiyokunywa

Kwetu mama mkwe hazungumzi na mukwe wake ana kwa ana. Maneno yanapita kwa binti, hata mukwe akiwa amekaa hatua tatu tu. Desturi hiyo ni nzuri: inazuia matusi. Ila siku ile nusura initoke mikononi.

Mukwe wangu, mume wa binti yangu, alikuja hapa Songo na mashini ameifunika shuka kama maiti. Moteri inazungusha alternateri, alternateri inalisha moteri umeme. Haitaki mazutu wala mafuta mengine, haitaki jua, haitaki hata hii kura, umeme wa Uvira unaokuja ukijisikia. Alijifunza kwenye telefone. Sasa alitaka niuze moteri ya mazutu ya kinu changu cha mihogo, ile aliyoniachia marehemu mume wangu, ili atengeneze mashini kubwa ya namna hiyo. Kinu hicho ndicho kinachotulisha, yeye mwenyewe pamoja.

Nilikaa nyuma ya mlango, kitenge begani, uso ukutani. Binti yangu kasimama katikati, anapeleka maneno huku na huku.

Mukwe alieleza kwa heshima nyingi. Batri iliyokuwa pembeni, alisema, kazi yake ni kuiamsha mashini tu.

"Muulize mume wako," nikasema, "ikisha kuamka, batri inabaki pale kufanya nini?"

"Mwambie Mama, hata mutoto mchanga anashikwa mkono mpaka azoee kutembea."

"Mwambie, mutoto asiyeachiliwa mkono, hatutajua kama anatembea."

Binti alikohoa. Nadhani alikuwa anaficha kicheko.

Nikatoa beseni la mihogo mikavu, ile ngumu iliyotoka Sange. Mukwe akafunga mkanda kwenye kinu kidogo cha kusagia mahindi, akaiamsha mashini, akang'oa batri. Ilizunguka kidogo, ikalia kama mbuzi mwenye kikohozi, ikanyamaza. Akasema waya hazijakazwa. Akazikaza. Ikanyamaza tena. Akasema kinachokosekana ni sumaku kubwa, na sumaku kubwa itapatikana tukiuza moteri.

Sikubisha. Mukwe hafukuzwi, mukwe analishwa. Mama mkwe asiyemshibisha mukwe wake anasemwa mpaka Mutarule. Nikakusanya unga uliotoka kwenye kinu, wote, hata ule wa kwenye mkanda, nikausonga bugali.

Nikampelekea kwa mkono wa binti: bakuli kubwa la ndagala, samaki wetu wadogo, zenye mawese na nyanya, na sahani kubwa imefunikwa vizuri. Alipofunua, bugali ulikuwa sawa na ngumi ya mutoto anayenyonya.

"Mwambie mume wako," nikasema, "mashini yake imesaga kadiri ilivyoweza. Mimi sikupunguza kitu."

Aliumega, akala, akamaliza. Ndagala zilibaki nyingi, maana ndagala bila bugali utazisukuma na nini? Akanawa mikono, akanishukuru kupitia kwa mke wake, kwa sauti ndogo. Habari ya kuuza moteri haikutajwa tena.

Asubuhi nikawasikia uani. Binti anamimina mazutu, mukwe anavuta kamba. Moteri ya marehemu ikaguruma, moshi ukaingia mpaka jikoni. Nikasonga bugali mwingine, mkubwa, nikampelekea wa moto.

Ile mashini yake iko bado uani kwangu. Kuku wamepata pa kutagia.