Siku Kipa Alipolala Mara ya Tatu

Pale ninapofanya kazi ya usafi, Mtumba, walinzi wa getini wana redio ndogo. Jumamosi jioni huifungulia kwa sauti kubwa mpaka spika inakwaruza. Wakati huo mimi huwa nimemaliza kudeki korido na ninasubiri sakafu ikauke. Kelele za uwanja wa mpira zikipita kwenye redio mbovu huwa kama mvua inayonyesha mbali, juu ya mabati ya watu wengine. Nikizisikia, mdomo wangu hujaa ladha ya betri, baridi na chungu, yenye chumvi kidogo. Walinzi hunikaribisha. "Dada, njoo usikilize na sisi, mpira hauna mwenyewe." Mimi hutabasamu tu na kurudi ndani. Wanadhani siupendi mpira, na sijawahi kuwasahihisha, kwa sababu ningelazimika kusimulia. Ninyi nitawasimulia, maana kuandika ni rahisi kwangu kuliko kusema. Naandika polepole, na hakuna anayenikazia macho.

Ladha ya betri niliijua kwa kaka yangu Lameki. Alinifundisha kwamba redio ikianza kunong'ona, betri unazitoa, unaziuma kwa meno ya pembeni mpaka zibonyee, unazirudisha, nayo redio inapata nguvu ya dakika chache. Asubuhi tulizianika juu ya jiwe kama watu wanavyoanika mboga. Nyumbani kwetu, ukivuka Buigiri na kuiacha lami, betri haikutupwa mpaka imekataa jua, meno na maombi.

Lameki alinizidi miaka mingi. Nilipofika darasa la nne yeye alikuwa kipa wa timu ya mjini iliyocheza ligi kuu. Alipokuja nyumbani Krismasi alinieleza siri za kazi yake. Alisema timu ndogo ikipata bao moja dhidi ya timu kubwa, kipa lazima aanze kuumwa, ili dakika ziishe. "Nikidaka mpira, nalala. Nikipiga mpira, nashika mguu, nalala. Kocha ndiye anayetutuma, Nyemo. Ukisikia nimelala, ujue tunaongoza." Akajitupa chini pale uani, akashika goti na kulia kwa uchungu hata kuku wakakimbia. Mama akamwambia aamke, anamchafulia ua. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jumamosi ninayoikumbuka ilikuwa wakati mtama unakaribia kuvunwa. Kwetu wakati huo watoto hawana Jumamosi. Shamba linalindwa tangu alfajiri mpaka jua lizame, kwa sababu ndege huja kama moshi, maelfu kwa maelfu, na wakikaa nusu saa tu familia inabaki na mabua. Mlinzi hukaa juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, akiwa na debe la kupiga, kombeo na rundo la vidonge vya udongo. Baba alikuwa amekwenda Chemba na ng'ombe wa watu, na huko simu yake haikupatikana. Mama alikuwa amekwenda mnadani, mwendo wa saa nzima kwa miguu, kumuuza mbuzi wetu mweusi ili ninunuliwe viatu vya shule. Kwa hiyo tangu asubuhi nilikuwa peke yangu na debe, na redio niliyoitunza isilie mpaka saa kumi, mechi ya Lameki itakapoanza.

Sijui kama mmewahi kukaa dunguni siku nzima. Upepo unapita kwenye mtama na mtama unasema kitu kilekile bila kuchoka. Unapiga kelele na hakuna anayeitika. Kufika mchana unaanza kusema na kombeo lako. Ndiyo maana redio ilipofunguka na ule umati ukaingia, niliona kama wageni wamenijia dunguni kwa wingi na miti haitawabeba.

Timu ya kaka ilipata bao mapema, nikapiga debe ingawa hapakuwa na ndege. Kipindi cha pili kilipoanza, Lameki akalala kwa mara ya kwanza.

"Kipa yuko chini, msikilizaji," alisema mtangazaji. "Huyu bwana leo kaja uwanjani na godoro lake!"

Mwenzake akadakia, "Ila mto kausahau, ndiyo maana anageukageuka."

Baadaye akalala tena. Umati ukazomea, mwamuzi akamwonya, watangazaji wakamshauri aletewe na chai. Mimi nilikuwa nacheka juu ya dungu kama mwehu. Katika nchi nzima ni mimi niliyekuwa na siri ile, kwamba goti lile halina lolote. Nilijiona niko naye pale golini.

Redio ilikuwa imeanza kunong'ona alipolala mara ya tatu. Nikaiweka sikioni.

"Haya, kalala tena jamani! Na safari hii mpira hata hauko upande wake."

"Kalala peke yake. Huyu anataka aimbiwe."

Uwanja mzima ulikuwa unazomea, na mimi nilikuwa bado nacheka. Mtangazaji akasema mwamuzi anakimbia kwenda golini, ametoa kadi ya njano, anamwonyesha. Akasema kipa hata haiangalii kadi. Akasema mshambuliaji wa wageni amekwenda kumvuta mkono ili ainuke wacheze.

"Anamvuta. Ame... ngoja kidogo. Ameuachia mkono, na mkono umeanguka. Ngoja kwanza. Anapiga magoti. Anaita benchi, anaita kwa mikono yote miwili." Kisha sauti yake ikawa ya mtu mwingine. "Msikilizaji, tuache utani. Yule kijana hajilazi. Yule kijana hapumui."

Kuzomea kukakatika. Nilikuwa sijajua kwamba maelfu ya watu wakinyamaza pamoja, kimya chao nacho kinasikika redioni. Nilimsikia mtu mmoja mbali sana akiita machela, machela. Mtangazaji akasema daktari wa timu anambonyeza kifua kwa mikono miwili, anahesabu. Halafu sauti ikawa nyembamba kama ya mbu, na redio ikazima.

Nilizitoa betri nikaziuma. Redio ikasema neno moja, "bado," ikazima tena. Niliziuma mpaka maji yake machungu yakaja ulimini. Jua lilikuwa limeshuka, halina nguvu ya kuanika kitu. Ndipo nikakumbuka moto wangu. Chini ya dungu kulikuwa na jivu la moto nililochomea karanga mchana. Nikashuka, nikazifukia betri kwenye jivu kama karanga, ili zipate joto upesi. Mtoto wa kwetu angefanya vilevile. Tulijua kwamba betri inataka joto, na hakuna aliyetuambia kiasi.

Wakati huohuo ndege wakaja. Waligeuka juu ya shamba kwa pamoja kama nguo inayokung'utwa, wakaanza kushuka. Nikapanda dunguni nikapiga debe, nikarusha vidonge, nikapiga kelele. Wakainuka, wakazunguka, wakashuka upande wa pili. Nikakimbia huko. Niliporudi kwenye jivu betri moja ilikuwa imepasuka na kutoa povu jeusi, na ya pili ilikuwa imevimba. Nikajua kwamba leo sitasikia tena.

Nilifikiria kukimbia mnadani kumwita mama. Lakini mnada ulikuwa mbali, na nikiondoka ndege watamaliza mtama, na mtama ule ndio tungekula mwaka mzima. Basi nikafanya mapatano, sijui na nani. Nilijiambia kwamba ndege asipotua hata mmoja mpaka jua lizame, kaka atapumua. Nilikimbia kutoka pembe hii ya shamba kwenda ile, nikipiga debe na kuita, na sikuita tena haa haa ya ndege. Nilikuwa naita jina lake. Ndege walitua, bila shaka walitua, lakini kila walipotua nilijidai kwamba wale hawahesabiki. Jua lilipogusa vilima sauti yangu ilikuwa imekwisha kabisa.

Siku ya mnada mama alizoea kurudi giza limeshaingia. Siku ile alitokea njiani kungali na mwanga, akitembea haraka, na mbuzi mweusi akimfuata kwenye kamba. Nilimkimbilia na maneno yakiwa mdomoni. Nilipomfikia, hayakutoka. Niliona nikiyasema ndipo yatakuwa kweli, na nisipoyasema, Lameki bado yuko katikati, hajaenda upande wowote.

"Shikamoo mama," nikanong'ona.

"Marahaba. Sauti imekwenda wapi?"

"Ndege walikuwa wengi." Nikamtazama mbuzi. "Mbona amerudi?"

"Amekataa kuuzwa." Mama akajaribu kucheka. Macho yake yalikuwa mekundu, akayafuta kwa ncha ya khanga. "Vumbi la mnadani hilo. Redio yako iko wapi?"

"Betri zimekufa, mama. Zimekufa mapema."

"Afadhali," akasema. Kisha akasema upesi, "Afadhali, maana ungekaa nayo tu bila kulinda."

Tulikaa jikoni kwenye vigoda, magoti yetu yakigusana, chungu kikiwa katikati. Mama alipika ugali wa uwele na mlenda, na mlenda haukuwa na chumvi. Nilikuwa nakwepa macho yake asije akasoma usoni kwangu. Nilimhurumia kwa jinsi alivyokuwa ametulia, akinimegea tonge kubwa, hajui lolote. Nilijiona mkubwa kuliko yeye, na sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa pale, hata dunguni.

Asubuhi ilikuwa Jumapili. Alivaa kitenge chake cha kanisani, lakini hakwenda kanisani. Alisema anakwenda mjini kumsalimia kaka yangu, amemkumbuka. Aliniacha kwa jirani yetu Mama Sechelela, akaondoka kuelekea lami bila kugeuka. Nilirudi dunguni. Siku zile nililinda ndege bila redio na bila sauti, nikipiga debe tu, na kila mtu aliyepita njiani nilijiinamia asije akaniambia. Mama Sechelela naye alikuwa na uji mwingi na maneno machache. Sasa najua kijiji kizima kilikuwa na habari, na kilikuwa kinanificha.

Mama alirudi na Lameki. Kaka alitembea polepole kama mtu aliyebeba maji kichwani, na mkononi alikuwa na mfuko wa dawa. Moyo wake, walituambia, ulisimama pale golini, ukaamshwa kwa mikono ya daktari wa timu, ukasimama tena ndani ya gari la wagonjwa, ukaamshwa tena. Mpira alikatazwa. Alikaa kivulini chini ya dungu langu siku ya kwanza, akasema, "Unajua ile kadi ya njano walinipa kweli? Hawajaifuta." Akacheka yeye peke yake. Leo anafundisha watoto wa kijiji kudaka, yeye mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti.

Mwaka jana nilipata likizo nikaenda nyumbani. Jioni mimi na mama tulikuwa tunabangua karanga uani, simu yake ikitangaza mpira pembeni. Kipa fulani akaanguka, mtangazaji akaanza utani. Mama alinyoosha mkono akaizima. Akaendelea kubangua. Kisha, bila mimi kumwuliza, akasema:

"Mimi nilisikia pale mnadani. Kulikuwa na kijana wa nyama choma, alifungulia redio ya simu. Watu walikuwa wanacheka, na mimi nikacheka nao. Nikawaambia, huyo aliyelala ni mwanangu." Karanga zilikuwa zinadondoka nje ya ungo, hakuziokota. "Waliponyamaza nikamfungua mbuzi nikaondoka. Njia nzima nilikuwa najisemea, huyu mtoto yuko peke yake, asijue mpaka nijue mimi kama yupo au hayupo."

Niliziokota nikazirudisha kwenye ungo.

"Nilijua, mama. Nilisikia kabla betri hazijafa."

Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. "Ulijua? Pale tunakula?"

"Nilijua."

"Na mimi nilijua," akasema. "Kumbe tulikuwa wawili."

Alikuja akakaa upande wangu wa ungo, tukabangua zilizobaki mpaka giza likaingia tukawa hatuonani.

Utotoni nilidhani upweke unakaa dunguni, mahali pasipo na mtu. Sikujua kwamba unaweza kukaa kati ya watu wawili wanaopendana, kila mmoja akimficha mwenzake habari ileile ili asiumie. Ningemwambia, au angeniambia, habari isingepungua hata kidogo. Lakini tungeilia pamoja, na nadhani usiku ule ningepata usingizi.

Siku hizi nikimpigia simu kutoka Mtumba, ananijibu kama wazazi wote, "Sisi wazima tu mwanangu, hakuna neno." Zamani nilikuwa nashukuru na kukata. Sasa sikati. Nakaa na simu sikioni, nasikia kuku na upepo wa kule, na nasubiri. Mara nyingi kweli hakuna neno. Lakini mara nyingine, baada ya kitambo, mama anavuta pumzi na kusema, "Ila Nyemo..."